Waliovuliwa Kiatu cha Kushoto

Mama Herufi hakuwahi kupaka rangi juu ya neno ambalo mwenye kazi hajalisoma kwa mdomo wake mwenyewe. Ndivyo alivyofunzwa na fundi aliyemlea kikazi. Kwanza unapiga mstari kwa uzi, halafu unaandika kwa chaki, halafu unamwita mwenye kazi, unamsimamisha mbele ya ukuta, anasoma kwa sauti mpaka nukta ya mwisho. Akisoma akatulia, unapaka. Akisoma akakohoa, unashuka ngazini umuulize kulikoni. Kwa utaratibu huo alikuwa ameandika maduka ya dawa, shule mbili, karakana za magari zisizo na idadi, na mlango wa daktari wa meno aliyeomba neno "maumivu" lifutwe baada ya kujisikia akilitamka.

Safari hii kazi ilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kupata: ukumbi wa historia ya jeshi la taifa, ndani ya kambi, kuta nane na maelezo yake, ufunguliwe kesho saa tatu asubuhi mbele ya wakubwa na watoto wa shule. Kuta saba zilikuwa zimekwisha na kukauka. Ulibaki ukuta wa nne, kwa sababu picha yake ilichelewa kuletwa. Ilifika jana jioni ikiwa imekuzwa mpaka upana wa kitanda cha watu wawili. Lori la zamani, na nyuma yake vijana kumi na mmoja wamekaa ukingoni, miguu inaning'inia, wote wanatazama kamera. Chini yake Mama Herufi alikuwa ameshaandika kwa chaki, kama karatasi ya Kapteni, msimamizi wa ukumbi, ilivyoelekeza: "Vijana wa kwanza waliojitokeza kwa hiari kulitumikia taifa."

Saa nne mlango ukasukumwa. Bibi yake aliingia na Kidoti mgongoni. Kidoti alikuwa na miezi minane na alikuwa analia kwa bidii zote alizonazo.

"Mpokee mwanao kabla hajaniziba masikio," Bibi alisema. "Na yule askari wenu wa getini! Amenikagua mkoba, akakuta nepi, akaufunga haraka kama mtu aliyeona bomu."

"Nepi ilikuwa safi?"

"Ungemuuliza yeye."

Mzee Sajenti, mstaafu aliyekuwa akitunza funguo na taa za ukumbi, alicheka huku ameegemea ufagio. Akamletea Bibi kiti. Mama Herufi akafuta vidole vyake kwa kitambaa, akakaa chini kwenye turubai, akamnyonyesha mtoto. Kilio kikakatika ghafla, ukumbi ukawa kimya, pakasikika tu Kidoti akimeza kwa pupa.

Ndipo Bibi alipoinua macho kuitazama picha.

Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka bila kushika kiti, jambo ambalo magoti yake hayakuwa yamemruhusu mwaka mzima, akaenda mpaka ukutani akaweka kiganja juu ya uso wa kijana wa tatu kutoka kulia.

"Huyu ni Mluzi," alisema.

Mama Herufi alikua akilisikia jina hilo. Mluzi alikuwa kaka yake Bibi, aliyepiga mluzi akiwa njiani ili mama yao ajue aanze kupakua. Nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Kulikuwa na jina tu, na namna Bibi alivyonyamaza kila mtu alipopiga mluzi barabarani.

"Una hakika, Bibi?"

"Nimemwosha uso huu alipougua surua. Nina hakika." Akashusha kidole mpaka chini ya picha. "Hebu angalia miguu."

Mama Herufi alikuwa ameitazama picha hiyo tangu jana, akapima upana wake, akagawa herufi zake, na miguu hakuiona. Sasa aliiona. Vijana kumi na mmoja, na kila mmoja alikuwa na kiatu mguu wa kulia. Miguu ya kushoto yote ilikuwa mitupu.

"Mimi nilifikiri ni shida tu za wakati ule," alisema polepole.

"Shida ya namna gani inayochagua mguu?" Bibi alirudi kitini. "Ilikuwa siku ya mechi. Timu ya kiwanda cha mikate na timu ya reli. Kipindi cha pili kikianza, wanajeshi wakafunga mageti yote mawili. Wazee, watoto na wanawake, tokeni. Wavulana, bakini. Halafu wakapita na gunia. Kila mmoja avue kiatu cha kushoto akitupe humo. Ukiwa na kiatu kimoja huendi mbali, na ukienda, mjini kote unajulikana. Mimi nilikuwa nje ya uzio nimeshika tundu la waya. Nilimwona anainama kufungua kamba."

Mzee Sajenti alikuwa ameacha kufagia.

"Mama yetu akaenda ofisini kwao," Bibi aliendelea. "Wakamwambia, mama, hapa hakuna sheria ya kumlazimisha mtu. Sheria bado haijatungwa. Kwa hiyo mwanao amekwenda mwenyewe, mngojee arudi mwenyewe. Akaenda Jumatatu nyingine. Mwenyewe. Na nyingine. Miaka sita, mjukuu wangu, neno ni hilo hilo. Sheria ilipokuja, waliochukuliwa baadaye wakifa, mama zao waliletewa barua. Mama hakuletewa chochote, maana aliyekwenda kwa hiari yake hakuwa kwenye orodha ya barua. Majirani wakaanza kusema Mluzi alituchoka, akatutoroka. Mama amekufa watu wakisema hivyo. Mpaka leo wapo wanaosema." Akaelekeza kidevu kwenye chaki. "Hapo umeandika nini?"

Bibi hakuwahi kukaa darasani. Mama Herufi alitamani, kwa mara ya kwanza tangu ajifunze herufi, asijue kusoma.

Akamsomea.

Bibi hakulia. Alinyoosha kitambaa cha kichwani, akakikaza fundo. "Mwandiko mzuri," alisema. "Uongo nao umependeza."

Kapteni aliingia saa tano kamili, kijana bado, viatu vimeng'arishwa mpaka taa za dari zinaonekana ndani yake. Wiki tatu zote hizo alikuwa mtu mwema kwao. Ni yeye aliyeruhusu Kidoti aletwe kunyonya, na siku moja alimbeba akamtembeza mbele ya mizinga ya zamani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye kazi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Haya. Soma."

Kapteni alitabasamu. Alishaizoea desturi ya fundi wake. Akasimama wima, akasoma sentensi nzima kwa sauti ya gwaride, mpaka nukta.

"Vizuri," Bibi alisema. "Sasa nioneshe aliyejitokeza."

"Bibi?"

"Wako kumi na mmoja hapo. Nioneshe kwa kidole. Mimi sina makuu, hata mmoja anatosha."

Mama Herufi alisimama na mtoto begani, akaeleza yote: uwanja, mageti, gunia. Kapteni alisogea karibu na picha akainama. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika kidogo, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Fundi, nimekuelewa. Lakini fahamu jambo moja. Sheria ya kuandikisha watu kwa lazima ilipitishwa mwaka uliofuata, umeiandika wewe mwenyewe ukuta wa tano. Hawa walikuwepo kabla ya sheria. Kabla ya sheria hapakuwa na kulazimishwa. Kwa hiyo, kimaandishi, hawa ni wa hiari."

"Kumbe," Bibi alisema. "Gunia lilitangulia, sheria ikafuata nyuma kuokota viatu."

"Maelezo haya yametoka juu, Bibi. Mimi nimepewa tu."

"Na mimi sipaki," Mama Herufi alisema.

Alisema kwa sauti ndogo kwa sababu Kidoti alikuwa anasinzia, lakini ukumbi ulikuwa mkubwa na mtupu, na kila mtu alisikia.

"Fundi, kesho saa tatu wakubwa wako hapa."

"Najua."

"Nitaita fundi mwingine."

"Mwite, afande. Mji huu kuna wawili wanaoweza kuimaliza leo. Mmoja nimemfundisha mimi, mwingine ndiye aliyenifundisha. Wote watakwambia usome kwanza, na Bibi atakuwa hapa hapa."

"Nimekuja na chakula changu," Bibi aliongeza.

Kapteni alivua kofia, akaivaa tena. "Sikilizeni. Watoto wa shule watapita hapa kila wiki. Tukiwaambia jeshi lilianza kwa kukamata watu viwanjani, kesho nani atajiunga?"

"Atakayejiunga akijua," Mama Herufi alisema. "Huyu hapa begani akikua akataka bunduki, mimi nitalia jikoni na mlango nitafunga asinisikie. Lakini nitamwacha. Aende akiwa na viatu vyote viwili."

Hapo Mzee Sajenti akaegesha ufagio wake ukutani, taratibu kama mtu anayeweka silaha chini.

"Changu kilikuwa cheusi," alisema. "Kipya. Kaka yangu alininunulia ili niende kumwona mchumba."

Wote wakageuka.

"Mzee?" Kapteni alisema. "Wewe faili lako nimelisoma. Limeandikwa ulijiunga kwa hiari."

"Nani aliliandika?"

Kapteni akaitazama tena picha.

"Siku hiyo nilikuwa sijui kushika kalamu, afande. Kusoma nimefundishwa humu humu. Na usinielewe vibaya, jeshi nimelipenda. Nimekula humu, nimezeekea humu, na anayelitukana mbele yangu tunagombana. Lakini sikuja, nililetwa. Sikuwa kwenye lori hili, nilikuwa kwenye la pili yake. Miaka yote wageni wakiuliza mbele ya wakubwa, Mzee Sajenti, wewe ulijitolea, eti? Ningejibuje?" Akamtazama Bibi. "Mluzi nilimsikia. Usiku wa kwanza alipiga mluzi mpaka wakamnyamazisha. Zaidi ya hapo sijui, dada yangu. Ningejua ningekwambia."

Bibi aliitikia kwa kichwa.

"Naenda kupiga simu," Kapteni alisema. "Msiguse kitu."

Viatu vyake vilipopotea kwenye korido, Mama Herufi alimlaza Kidoti juu ya turubai, akamfunika na kanga, akachovya kitambaa kwenye ndoo. Akafuta sentensi yote. Chaki ilitiririka nyeupe mpaka sakafuni.

"Bibi, mwenye kazi sasa ni wewe. Sema."

Bibi akaitazama tena picha, uso kwa uso, akasema. Alisema kwa kituo, kama mtu anayepanga vyombo, na Mama Herufi akaandika kwa kasi ambayo hakuwahi kuitumia, herufi zikisimama wima bila rula. Alipomaliza, Bibi alitikisa kichwa kuwa kusoma hajui, basi Mzee Sajenti akasimama mbele ya ukuta, mikono ubavuni, akasoma:

"Vijana hawa walikamatwa uwanja wa mpira, kabla ya sheria yoyote. Kila mmoja alivuliwa kiatu cha kushoto ili asikimbie. Hakuna aliyekwenda mwenyewe. Tunaowajua ni Mluzi, Mtoto wa Seremala, Golikipa, na Pacha, ambaye mwenzake alibaki nyumbani na homa. Unayemjua mwingine, sema."

Sauti yake ilikwama kwenye neno "mwenyewe", ikajinasua, ikaendelea mpaka nukta.

"Amekohoa?" Bibi aliuliza.

"Hajakohoa."

"Basi paka."

Mama Herufi alifungua kopo la rangi ya mafuta, nyeusi. Mzee Sajenti akashika ngazi. Kwenye kuta saba alikuwa amepaka kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kukosea mbele ya wenye vyeo. Ukuta huu alipaka kama anavyomwogesha mwanawe, mkono unajua wenyewe unapokwenda. Saa sita na nusu aliweka nukta ya mwisho, na chini yake, pembeni, akaweka alama yake, brashi ndogo na nambari ya simu, kama afanyavyo kila kazi. Kuta saba nyingine walikuwa wamemkataza kuiweka.

"Hiyo simu si watakupata upesi?" Mzee Sajenti aliuliza.

"Ndiyo kazi yake."

Kapteni alichungulia mlangoni, akaona rangi, akarudi kwenye simu; alipoingia alikuwa na askari wawili. Mkononi alikuwa na chupa ya mafuta ya taa na kitambaa. Aliusoma ukuta kimya, macho yakienda mstari kwa mstari, na waliokuwa nyuma yake wakausoma pia. Mmoja wao akatazama buti zake.

"Nimeamriwa ifutwe," Kapteni alisema.

Kila mtu pale alijua hesabu yake, na asiyejua Mama Herufi alimwambia, maana hakuona sababu ya kuficha. Rangi ile ilihitaji saa nne au tano kukauka. Kabla ya hapo, kitambaa chenye mafuta ya taa kingeiondoa yote kwa dakika kumi. Ikishakauka, hakuna kitambaa kitakachoiweza. Ingebidi ipakwe nyeupe juu yake mara tatu, kila tabaka lisubiriwe likauke, vinginevyo nyeusi ingechungulia, na kesho saa tatu si mbali.

Bibi alikamata kiti chake, akakivuta mpaka ukutani, akakaa mgongo ukielekea maandishi, karibu kabisa lakini bila kuyagusa. Mzee Sajenti akakunja ngazi akaiweka upande wa kulia, akasimama. Mama Herufi akamwokota Kidoti, akakaa sakafuni upande wa kushoto.

"Bibi, tafadhali," Kapteni alisema. "Usinifanye nikuondoe."

"Nitoeni. Mimi ni mwepesi. Wakati ule walinitoa kwa mkono mmoja."

Askari walimtazama Kapteni. Kapteni akatazama chupa yake. Hapo Kidoti akaamka, akamwona mtu aliyewahi kumbeba, akamcheka kwa ufizi wote.

"Rudini getini," Kapteni aliwaambia askari.

Walipoondoka, alikaa kwenye ngazi ya jukwaa lililowekwa kwa wakubwa wa kesho, chupa katikati ya miguu. Saa saba. Saa nane. Bibi alifungua chakula chake akagawa vipande vinne. Kipande cha Kapteni kilibaki juu ya karatasi, kisha baadaye kikawa hakipo.

"Mtanifukuzisha kazi," alisema saa tisa, kama anayeongea na sakafu.

"Pole, mwanangu," Bibi alisema, na pole yake ilikuwa ya kweli. "Lakini ukifukuzwa unarudi nyumbani, si ndiyo? Mama yako atakufungulia."



Mara mbili Kapteni alisimama na kile kitambaa. Mara ya kwanza alifika mpaka mbele ya Bibi, na Bibi akainua uso akamtazama bila chuki, kama anayemngojea amalize kusema. Akarudi kukaa. Mara ya pili alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Mluzi, wa tatu kutoka kulia, akasimama hapo muda mrefu akiutazama ule mguu mtupu, vidole vyake vimekunjamana kwa baridi ya chuma cha lori. Mama Herufi alimkumbatia Kidoti kwa nguvu mpaka mtoto akainua kichwa. Kapteni aliporudi kukaa, kitambaa hakuwa nacho. Alikuwa amekitia mfukoni.

Saa kumi na moja kasoro robo simu yake ililia. Aliitazama ikilia. Akainuka, akaja ukutani, akapita katikati ya kiti cha Bibi na ngazi, na hakuna aliyemzuia, maana mikono yake ilikuwa mitupu. Akaweka kidole cha shahada juu ya neno "mwenyewe". Akakibonyeza kwa nguvu. Akakigeuza akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha.

Kilikuwa kisafi.

Akapokea simu. "Ndiyo, mkuu." Alisikiliza. "Hapana, mkuu. Haifutiki. Imeshakauka." Akasikiliza tena, muda mrefu zaidi, sauti ya upande wa pili ikisikika kama nyuki ndani ya kopo. Mama Herufi alimwona akijinyoosha, visigino vikigusana, ingawa hapakuwa na mtu wa kumpigia saluti.

"Si fundi, mkuu," Kapteni alisema. "Nilikuwepo hapa tangu mchana, na mafuta ya taa nilikuwa nayo mkononi. Andika jina langu."